Nyeupe Ilikuja Mwisho

Dobi wa Bara Hindi hakuhitaji kalamu wala chupa ya wino. Alihitaji kokwa moja nyeusi, ndogo, na sindano. Alilitoboa ganda la kokwa ile, akachovya ncha ya sindano katika utomvu wake mzito, akatia nukta na vistari kwenye ukosi wa shati au pindo la shuka, kisha akapaka chokaa kidogo juu yake. Alama ikawa nyeusi tii. Nguo ingepigwa jiweni, ichemshwe, ianikwe juani na irudiwe hivyo mpaka ichakae, lakini nukta zile zisingetoka. Kila nyumba ilikuwa na alama yake, na dobi asiyejua kusoma wala kuandika aliweza kupanga mamia ya nguo bila kumpelekea mteja suruali ya jirani yake.

Mti unaozaa kokwa hizo, ambao wataalamu wa mimea huuita Semecarpus anacardium, ni wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe. Mtu wa Mtwara au Lindi aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anaujua ukoo huo vizuri: mafuta ya ganda la korosho hubabua ngozi na kuacha vidole vyeusi vyenye vidonda. Kokwa ya dobi ina tabia hiyohiyo. Mwaka 1943, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, madaktari wa jeshi la Marekani walieleza habari za askari waliokuwa India na kutokwa na upele mkali nyuma ya shingo, palepale ambapo ukosi wa shati ulikuwa na alama ya dobi. Wino uliokuwa umeishinda sabuni ulimshinda na mwenye shati.

Historia ya alama zisizofutika ilianza na nyeusi, na kwa muda mrefu iliishia hapo. Mtu akitaka kuandika kwa nyeusi juu ya kitambaa, karatasi, mbao au gunia, maumbile yalimpa masizi, utomvu, magome ya miti na chumvi za chuma. Akitaka kuandika kwa nyeupe juu ya kitu cheusi, kama vile tairi, bomba la chuma au sanduku la bati lililopakwa rangi, hakuwa na lolote la kumimina ndani ya kalamu. Alibaki na chaki, ambayo hufutika kwa kiganja, au brashi na kopo la rangi, ambavyo vinadai mkono wa fundi. Maka peni ya rangi, ile ambayo lazima itikiswe kwanza ndipo iandike, ni jibu la shida hiyo. Jibu lenyewe lilichelewa sana, na sababu za kuchelewa kwake ndizo zinazoifanya iwe na historia ya kupendeza kuliko sura yake inavyoonyesha.

Huko Ulaya na Marekani, karne ya 19 ilikuwa karne ya nitrati ya fedha. Hospitali, kambi za jeshi, meli na nyumba za matajiri zilikuwa na shuka na taulo nyingi za kuhesabu, na wino wa fedha ndio uliotumika kuziandika. Maandishi yake huwa hafifu mwanzoni. Yakipigwa pasi ya moto au yakianikwa juani hukolea, kwa kuwa joto na mwanga huitenga fedha na kuiacha ndani ya nyuzi za kitambaa ikiwa chembe nyeusi. Chumvi hiyohiyo ya fedha ndiyo iliyomo katika wino wa kidole cha mpiga kura. India ilianza kuutumia katika uchaguzi mkuu wa mwaka 1962, na kiwanda kilichoko Mysore kinachoutengeneza kimeziuzia nchi nyingi tangu wakati huo.

Wino wa nguo uliwafikia mapema pia watu wa kazi za mikono, na hapa pana kisa kinachosahaulika mara nyingi. Wanawake wa Marekani walikuwa na desturi ya kushona mablanketi kwa vipande vya vitambaa. Walitamani kuandika majina juu ya vipande hivyo, lakini wino wa kawaida wa siku zile, uliopikwa kwa chumvi ya chuma na vivimbe vya mwaloni, ulikula kitambaa. Baada ya miaka kadhaa palipoandikwa jina hubaki tundu. Mwaka 1834 wino wa Payson, uliotengenezwa kwa nitrati ya fedha katika jimbo la Massachusetts, uliingia sokoni, na pamoja na aina nyingine za wakati huo ukaondoa hofu hiyo. Katika miaka ya 1840 ikazuka shauku kubwa ya mablanketi ya urafiki, hasa Pennsylvania, New Jersey na majirani zao. Kila rafiki alishona au kutoa kipande kimoja, akatia jina lake, pengine na tarehe au neno la kuaga, kisha vipande vikaunganishwa na kupewa mtu aliyekuwa akiolewa au familia iliyokuwa ikihamia magharibi. Mengi ya mablanketi hayo yamo katika makumbusho hadi leo, na majina bado yanasomeka. Bila ya wino ule, wanawake wengi ambao hawakuacha maandishi mengine yoyote wasingejulikana kuwa waliwahi kuishi.

Bandarini na kwenye stesheni za reli mambo yalikuwa mengine. Mzigo hauna haja ya kufuliwa, bali una haja ya kusomeka kutoka mbali, gizani, na mchukuzi aliyechoka. Kwa hiyo ulitumika ubao wa stensili, bati au karatasi ngumu iliyotobolewa herufi, na brashi fupi nene iliyochovywa katika wino mweusi. Marobota ya mkonge yaliyosafirishwa kutoka Tanga yalibeba alama ya shamba lililoyatoa. Masanduku ya mbao ya chai nayo yaliandikwa hivyohivyo. Mnunuzi wa ng'ambo hakulijua shamba wala mwenye shamba, lakini aliijua alama, na bei ilifuata alama. Nchini Marekani kazi ya kukata herufi ilipewa mashine. Kampuni ya Marsh ilianza kuuza mashine za stensili huko Belleville, Illinois, mwaka 1920, na katika orodha ya bidhaa zake ikaja kuwamo kalamu ya ncha ya felti, yaani sufi iliyoshindiliwa mpaka ikawa ngumu.

Wazo la kalamu hiyo lilikuwa la zamani zaidi. Lee Newman alipewa hataza ya kalamu ya kutilia alama yenye ncha ya felti mwaka 1910, lakini haikuvuma. Iliyovuma ni ya Sidney Rosenthal, mtu wa New York, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1950 alichukua chupa fupi nene ya kioo, akaijaza wino, akaitia utambi wa sufi na ncha, akaiuza kwa jina la Magic Marker. Utendaji wake ni wa taa ya koroboi: utambi hunyonya kilichomo chini na kukipandisha juu. Kalamu haikuhitaji kuchovywa wala kukamuliwa. Iliandika juu ya mbao, kioo, bati, ngozi na mawe, na ilikauka mara moja. Iliuzwa kwanza kwa watu wa mizigo na maghala. Wachoraji wa matangazo waliigundua baadaye, wakaipenda kwa sababu iliwaokoa na saa za kungoja rangi ikauke.

Habari zilivuka bahari haraka. Mwaka 1951 mkuu wa kampuni ya Uchida Yoko ya Japani alikuwa safarini Marekani akaiona kalamu ya namna hiyo, akarudi na sampuli. Alizikabidhi kwa kiwanda cha wino cha Teranishi, mjini Osaka. Kwa miaka miwili mafundi wa Teranishi walihangaika na wino unaoshika kila kitu na usiokauka ndani ya chupa, na mwaka 1953 wakatoa Magic Ink, chupa ya kioo yenye alama kubwa ya kuuliza ubavuni. Bado inatengenezwa. Mjini Hamburg, Carl-Wilhelm Edding na rafiki yake Volker Detlef Ledermann walianzisha biashara ya maka peni mwaka 1960 kwa mtaji wa mark 500 tu. Mwaka 1964 kampuni ya Sanford ya Chicago ikatoa Sharpie, nyembamba kama kalamu ya kawaida, ambayo mtu aliweza kuitia mfukoni.

Zote hizo ziliandika kwa rangi ya kuyeyuka. Hapo ndipo lilipo fundo la hadithi.

Rangi ya kuyeyuka huchanganyika na kiyeyusho chake kama sukari na maji. Hakuna chembe inayobaki, na ndiyo maana hupanda kwenye utambi bila kikwazo. Huingia ndani ya karatasi au kitambaa na kukipaka kutoka ndani. Lakini mwanga hupita katikati yake. Maka ya njano juu ya karatasi nyeupe ni njano. Juu ya bati jeusi haionekani kabisa. Na rangi nyeupe ya kuyeyuka haipo. Weupe wa rangi ni kazi ya chembe ngumu ndogo mno zinazoutawanya mwanga kila upande kabla haujafika chini, sawa na povu la bahari linavyokuwa jeupe ilhali maji yenyewe hayana rangi. Anayetaka nyeupe lazima apate unga, na unga hauyeyuki.

Kwa karne nyingi unga huo ulikuwa risasi nyeupe. Ilifunika vizuri na iliwaua waliofanya kazi nayo. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia matumizi yake katika upakaji rangi ndani ya majengo. Wakati huo mrithi wake alikuwa ameshapatikana. Mwaka 1916 kampuni mbili zilianzishwa mbali mbali, moja Fredrikstad nchini Norwe na nyingine Niagara Falls nchini Marekani, zote kwa lengo moja: kutengeneza dioksidi ya titani kwa wingi. Unga huo hauna sumu ya risasi, haubadiliki rangi kirahisi, na hakuna unga mweupe mwingine wa rangi unaofunika kuushinda. Leo umo katika rangi ya ukuta, dawa ya meno, karatasi, plastiki, na ndani ya maka peni nyeupe.

Pwani ya Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari hii. Kutoka Kwale, kusini mwa Mombasa, kampuni ya Base Titanium ilisafirisha shehena yake ya kwanza mapema mwaka 2014 kupitia gati lake la Likoni. Ilichimba mchanga wa madini ya ilmenaiti, rutile na zirkoni, na katika miaka yake mizuri ilmenaiti pekee ilifika laki kadhaa za tani kwa mwaka. Ukiishika ilmenaiti mkononi ni mchanga mweusi, mzito kuliko mchanga wa kawaida, unaong'aa kidogo. Viwanda vya ng'ambo huutoa chuma ndani yake na kubakiza weupe. Uchimbaji wa Kwale ulikoma Desemba 2024, baada ya mchanga wenye faida kwisha. Fundi wa Kariakoo au Gikomba anayenunua kalamu nyeupe iliyotoka Asia huenda anairudisha Afrika Mashariki chembe ya mchanga uliotoka pwani yake.

Kuupata unga hakukutosha kuutia ndani ya kalamu. Chembe za titani zina uzito zaidi ya mara nne ya maji ya ujazo uleule. Zikiachwa zimetulia huzama chini na kuwa tope. Zikilazimishwa kupanda kwenye utambi wa sufi hukwama njiani, utambi unaziba, na kinachofika kwenye ncha ni kiyeyusho kitupu. Wahandisi walilazimika kuutupa utambi wa Magic Marker na kuanza upya.

Maka ya rangi ya leo ikikatwa kwa msumeno huonyesha walivyofanya. Mwili ni mrija wa alumini au plastiki, na ndani yake rangi inachezacheza huru kama maji ndani ya dafu. Ndani ya rangi hiyo mna gololi, wakati mwingine mbili. Kalamu ikitikiswa, gololi huvuruga tope lililotulia na kulirudisha kuwa rangi. Nyuma ya ncha kuna vali ndogo inayoshikiliwa na springi. Ncha ikiwa hewani, vali imefunga, hakuna kinachotoka. Ncha ikikandamizwa juu ya ubao mara mbili tatu, inarudi nyuma, inasukuma vali, na rangi inashuka kuilowesha. Ndiyo maana kalamu mpya huandika vibaya mikononi mwa mtu asiye na subira: anaitikisa kidogo, hakandamizi, anapata mstari wa majimaji, anadhani ameuziwa mbovu. Wapo pia wanaokandamiza mno wakamwaga dimbwi zima juu ya kazi. Fundi mwenye uzoefu huweka kipande cha boksi pembeni, akaikandamizia kalamu pale mpaka ncha igeuke nyeupe yote, ndipo aihamishie kwenye kazi yenyewe.

Wazo la vali halikuzuka na rangi. Kalamu ya Flo-master ya Cushman & Denison wa New York, iliyokuwa maarufu kabla ya Sharpie, ilikuwa na mwili wa chuma na iliachia wino ncha ilipokandamizwa. Wino wake wa kujaza ulipendwa na vijana walioandika majina yao kwenye treni za chini ya ardhi. Tarehe 21 Julai 1971 gazeti la New York Times lilichapisha habari ya kijana wa Manhattan aliyejiita TAKI 183, ambaye kazi yake ya kupeleka vifurushi ilimpitisha mji mzima na maka peni mfukoni. Jiji lilizipiga vita kalamu hizo kwa sheria na kwa maji ya kemikali, na vijana nao wakaanza kutafuta rangi zisizooshwa. Kuandika jina juu ya mali ya watu ni kosa, na hakuna haja ya kulipamba. Hata hivyo mtu anayeandika historia ya kalamu hii hawezi kuwaruka, kwa sababu waliijaribu kwa ukali kuliko maabara yoyote.

Wateja wa kweli wa rangi nyeupe, waliolipa na kurudi, walikuwa watu wa chuma na mpira. Karakana ya kuchomea vyuma huhitaji kuandika ukubwa na namba ya kazi juu ya bomba jeusi lenye mafuta. Duka la matairi huhitaji kuandika juu ya mpira. Wasafirishaji wa mitungi, mabati na magogo walihitaji vivyo hivyo. Kiwanda cha chuma kisichoshika kutu kina sharti la ziada: rangi iwe na klorini kidogo mno, kwa maana klorini ikibaki juu ya bomba linalopata moto inaweza kukila chuma hicho na kukipasua, na katika mtambo wa nyuklia ufa wa namna hiyo si jambo la mzaha. Basi ziko kalamu zinazouzwa pamoja na cheti cha vipimo vyake.

Kampuni ya Mitsubishi Pencil, iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1887 na isiyohusiana na wenye magari ya jina hilo, ilikuwa na kalamu ya rangi ya mafuta iitwayo Uni Paint, ambayo bado ipo katika karakana nyingi duniani. Mwaka 1983 ilitoa Posca. Hii ilitumia unga wa rangi uleule wa kufunika, lakini ndani ya maji badala ya kiyeyusho kikali. Ililengwa kwa watu wa mabango na maduka, waandishi wa bei na matangazo ya madirishani, na kutoka hapo ikaingia madarasani na majumbani. Watelezaji wa mawimbi walipamba mbao zao kwa kalamu hiyo, kisha wakazifunika kwa vanishi. Waliochora juu ya vikombe, mawe, viatu, vioo na vibuyu walipata kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho: rangi ya kopo bila kopo, na mstari ulio sawa kutoka mwanzo hadi mwisho bila ya kujifunza brashi.

Dar es Salaam ilikuwa imeshaonyesha kinachowezekana kwa brashi. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama juu ya vipande vya ubao mgumu kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile inayotumika kupakia baiskeli. Aliuza kazi zake Oysterbay, na alikufa mwaka 1972 akiwa na miaka michache tu ya uchoraji nyuma yake. Ukimtazama mrithi wake akitia madoa ya chui au manyoya ya kanga kwa brashi nyembamba, ukoo unaonekana: rangi nzito, inayofunika kilicho chini yake, juu ya uso laini, ikiwekwa mara moja bila kurudiwa. Maka ya rangi hufanya kazi ya namna hiyo kwa mtu asiye na miaka ya mazoezi. Bado haiwezi kunenepesha na kukondesha mstari kwa pumzi moja, na waandika mabango wa mitaani wanalijua hilo. Herufi zao za mlangoni mwa kinyozi au ubavuni mwa gari zina uhai ambao ncha ngumu haijaupata.

Harufu ya maka za zamani, ile inayopanda kichwani, ilitoka kwa zailini na jamaa zake. Kiyeyusho hicho hukausha rangi upesi na kuifanya ing'ang'anie chuma chenye mafuta, lakini mvuke wake huleta kizunguzungu, na ukivutwa kwa muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu. Watengenezaji wengi wamehamia kwenye alkoholi au maji, hasa kwa kalamu za shule na nyumbani. Kwenye karakana zailini bado ipo. Anayefanya mapambo sebuleni na watoto pembeni anapaswa kusoma maandishi madogo ubavuni mwa kalamu kabla hajafungua kifuniko, na kufungua dirisha hata kama hayakumtaja adui huyo.

Kuna uso mmoja ambao bado unawatesa wote: plastiki ya ndoo na madumu. Poliethilini na polipropilini haziloweshwi kirahisi. Rangi inakaa juu yake kama umande juu ya jani la mgomba, inakauka, kisha inabanduka kwa ukucha. Viwanda vinavyochapa mifuko na chupa hukabiliana na tatizo hilo kwa umeme au kwa moto. Mwaka 1951 mhandisi wa Denmark, Verner Eisby, alibuni njia ya kupitisha plastiki chini ya cheche za umeme wa nguvu ili uso wake ubadilike na kuushika wino, na mitambo ya aina hiyo ndiyo inayotumika hadi leo. Kwa plastiki nene, kama chupa na madumu, hupitishwa mwali wa gesi kwa sehemu ndogo ya sekunde. Anayeandika jina juu ya ndoo nyumbani hana mtambo huo. Anachoweza kufanya ni kuikwaruza sehemu ya kuandikia kwa msasa laini, kuifuta mafuta kwa spiriti, kuandika kwa maka ya rangi ya mafuta na si ya maji, kisha kuiacha ndoo kavu usiku kucha kabla ya kuitumia.